Mzee Aliyetaka Kuiwahi Kodi

Watu walimwita Bi Msumeno, na walimwita hivyo usoni pake, si mgongoni. Jina alilipata kwa njia mbili. Kwanza, kiunoni mwake hapakukosa msumeno mdogo uliopinda, ule wa kupogolea miti. Pili, ulimi wake ulikata ukienda na ulikata ukirudi. Alimkasirikia dalali aliyetaka gunia la machungwa lijazwe mpaka liote kichwa. Aliikasirikia mvua ikichelewa, na ikija aliikasirikia kwa kuchelewa. Mumewe wa ujanani alivumilia miaka kadhaa, kisha siku moja akaaga kwamba anakwenda kumjulia hali mjomba wake mgonjwa. Mjomba huyo hadi leo hajapona.

Lakini msimwone mbaya. Hasira ya mwanamke huyu ilikuwa mali ya umma. Dalali akipunja, watu walimfuata yeye. Mzani ukichezewa, walimfuata yeye. Wanaume wazima na ndevu zao walijibanza nyuma yake na kumtia ndimu: "Mwambie, dada! Mwambie!" Naye alimwambia. Mambo yakitulia, hao hao waliotia ndimu walikaa pembeni na kunong'onezana kwamba mwanamke yule ana mdomo.

Ndoa ilipokwisha alirudi kwa baba yake, kwenye shamba la michungwa lililoshuka mteremko mpaka kijitoni, na hakuondoka tena. Alikuwa mtoto wa pekee, na mama yake alikwisha fariki. Walibaki wawili na miti yao. Miti ilitajwa mezani kila siku kama watu wa nyumbani: ule wa kisimani umeanza kukauka ncha, ule wa mlangoni umezaa kupita kiasi, usipotegemezwa utavunjika.

Baba yake watu walimwita Fundi. Karibu kila mchungwa wa sehemu zile ulikuwa umepita mikononi mwake. Alikuwa fundi wa kubebesha: anachanja gome la mche wa ndimu, anapenyeza ndani yake jicho lililokatwa kwenye mchungwa mzuri, kisha anazungushia utepe wa nailoni, kuanzia chini kwenda juu, ili maji ya mvua yateleze yasiingie kidondani. Mwisho anafunga fundo. Fundo lile lilikuwa lake peke yake, dogo, limelala ubavu, na ncha yake imerudishwa ndani. Vijana wengi walijaribu kuliiga wakashindwa. Ukienda shamba la mtu yeyote ukaona utepe umefungwa vile, huna haja ya kuuliza nani alipita hapo.

Mzee mwenyewe alikuwa mkono wa birika. Tepe zake alizikata kwenye mifuko ya nailoni aliyookota njiani. Misumari iliyopinda aliinyoosha kwa jiwe. Betri za redio zikiisha nguvu alizianika juani ukutani, akidai zinarudisha uhai, na wiki nzima nyumba ilisikiliza taarifa ya habari iliyokuwa ikikoroma. Mkewe alipofariki aliirithi miwani yake, yenye fremu nyekundu ya kike, akaivaa mwenyewe. "Inaona," alisema. "Kwani macho yana jinsia?"

Habari ya kodi waliisikia kwenye redio hiyo hiyo, wakiwa bandani wanapanga machungwa, makubwa huku, madogo kule. Serikali ilikuwa imepeleka bungeni muswada. Kuanzia mwaka mpya wa fedha, atakayerithi shamba lenye miti ya kudumu atalipa moja ya tano ya thamani yake, ardhi pamoja na miti iliyo juu yake. Asiye na fedha atauza sehemu ya shamba alipe. Na wale wajanja wanaofikiria kuwagawia watoto wakiwa hai walikwisha fikiriwa pia: ukimpa mwanao shamba kisha ukafa kabla ya miaka saba kupita, kodi iko palepale.

"Na makampuni?" Bi Msumeno aliiuliza redio.

Redio ikajibu kana kwamba imemsikia. Mashamba ya makampuni hayahusiki. Kampuni haifi, kwa hiyo hairithiwi, kwa hiyo hailipi.

Alilibamiza chungwa alilokuwa nalo mkononi likapasuka. Baba yake aliliokota, akalitazama, akaanza kulila ili lisiharibike.

"Kumbe siku hizi kuna kufa kwa bei nafuu na kufa kwa bei ghali," alisema huku akitema mbegu kiganjani. "Basi mimi mama, acha niwahi ya nafuu. Nisubiri mwaka mpya wa fedha wa nini?"

Bi Msumeno alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Mzee alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake haukumwacha hata mauti. Alicheka, akajifuta machozi, akaendelea kuitukana serikali. Baadaye, katika yote yaliyotokea, kile kicheko ndicho kilichomchoma zaidi.

Haukupita muda akaja mthamini, kijana mpole mwenye kofia, na kopo la rangi nyeupe. Alipita mti kwa mti akiandika namba kwenye shina. Muswada haujapita, lakini rangi ilikwisha pita. Bi Msumeno alimfuata nyuma kuanzia mlangoni mpaka kijitoni akimwuliza kama huko kwao pia wanawaandika mama zao mgongoni. Kijana alisema, "Samahani mama, mimi nimetumwa tu." Mzee alimpa machungwa ya njiani. Alimchagulia yale madogo.

Kuanzia hapo kukawa hakukaliki. Wenye kahawa walikuja, wenye minazi walikuja, hata wenye mapapai walikuja wakiuliza kama mpapai ni mti wa kudumu. Chama cha wakulima, ambacho kwa miaka kazi yake ilikuwa kununua mashada ya maua watu wakifa, kiliamka. Mwenyekiti wake, bwana mmoja mrefu mwenye sauti nyembamba, alikuja kwa Bi Msumeno kabla hata ya kuitisha kikao.

"Dada, safari hii tusipopiga kelele tumekwisha."

"Kelele utapiga wewe au mimi?"

"Mimi nitafungua kikao," alisema mwenyekiti.

Mheshimiwa mbunge wao alikuja kuwatuliza uwanjani sokoni. Alishuka kwenye gari lenye vioo vyeusi, akapungia mkono watu ambao hawakumpungia, akapanda jukwaani. Aliwaambia wakulima kwamba wao ndio uti wa mgongo wa nchi.

"Ndiyo maana mmetukalia!" ilitoka sauti katikati ya watu. Hakuna aliyehitaji kugeuka kumtazama msemaji.

Mheshimiwa alitabasamu, akapangusa jasho. "Ndugu zangu, tusiwe na jazba. Sheria ni msumeno. Inakata mbele na nyuma, haimwogopi mtu."

Hapo alijichongea. Watu walianza kucheka kabla Bi Msumeno hajasimama, na aliposimama alikuwa amekwisha uchomoa msumeno wake kiunoni.

"Huu hapa msumeno, mheshimiwa. Ninao tangu msichana. Sijawahi kuuona umekata tawi peke yake. Lazima kuna mkono umeushika. Sasa tuambie, mkono ni wa nani? Na lile shamba lako la parachichi kule bondeni, miti yake imeandikwa namba?"

Mheshimiwa alisema lile si shamba lake, ni la kampuni.

"Kampuni ya nani?"

Hapo uwanja uliwaka. Walinzi walimshusha mheshimiwa jukwaani, na gari lilipoondoka lilisindikizwa kwa maneno ambayo hayaandikiki. Bi Msumeno alirudi nyumbani sauti imemkauka, mwepesi kwa furaha ya hasira, ile furaha ambayo mtu huwa nayo akijua ana haki na watu wamemshangilia.

"Nasikia umemnyoa mtu bila maji," baba yake alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, miguu kwenye ndoo ya maji.

"Na bado. Mbona miguu imevimba?"

"Uzee."

"Dawa umekunywa?"

"Si uliniona asubuhi?"

Kweli alimwona. Mzee alikuwa na presha ya miaka mingi, na kila asubuhi alitia kidonge mdomoni mbele ya binti yake, akapiga funda la chai, akafuta midomo, akatoka kwenda kukagua miti. Vidonge alivifuata Bi Msumeno mwenyewe zahanati. Hakuna siku alivisahau. Kwa hiyo hakuuliza zaidi, akaingia ndani kuandaa maneno ya kikao kijacho. Naam, hasira ina macho makali ya kuona mbali. Ya karibu huwa haioni.

Alikuja kugundua siku ya kupogoa. Kilikuwa kiangazi, majani yamefifia kwa vumbi. Alipofika kwenye mlimao mzee wa karibu na uzio, mti ambao hawakuugusa tena isipokuwa kwa kuchuma malimau ya chai, aliona utepe. Ulikuwa umefungwa kwenye panda ya matawi, mpya, fundo limelala ubavu.

Alisimama akishangaa. Kiangazi hakuna anayebebesha. Gome limekaza, halichanjiki, jicho litakauka kabla halijashika. Jambo hilo baba yake alimfundisha akiwa bado anashindwa kuvaa viatu vyake sawasawa. Mawazo ya kwanza yaliyomjia ni kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, na yalimhuzunisha. Akaufungua utepe ili amfichie aibu.

Ndani hapakuwa na jicho. Palikuwa na vidonge, vyeupe, vimekaa vikavu salama, maana ule utepe ulikuwa umezungushwa kuanzia chini kwenda juu.

Akaanza kutafuta. Akapata utepe mwingine kwenye mti wa kisimani, mwingine juu ya ile namba nyeupe ya mthamini, mwingine kule kijitoni. Alizifungua moja baada ya nyingine. Kila penye fundo palikuwa na asubuhi kadhaa za baba yake.

Alirudi nyumbani akikimbia. Mzee alikuwa barazani ananyoosha waya. Bi Msumeno alimwaga vidonge vyote mapajani mwake.

"Hivi ni nini?"

Mzee alishusha waya, akaivaa miwani ya marehemu, akatazama bila haraka. "Dawa."

"Za nani?"

"Zangu. Usipige kelele, jirani atasikia."

"Asikie! Asikie dunia nzima! Unatia dawa mdomoni mbele yangu, unanidanganya kama mtoto, kisha unakwenda kuitundika mtini? Unataka kufa?"

"Kila mtu atakufa," mzee alisema. "Mimi nimechagua tarehe tu."

Ndipo akamweleza, kwa utulivu wa mtu anayeeleza jinsi ya kupanda mche. Alikuwa amekula chumvi ya kutosha. Presha yake bila dawa haimwachi mtu mzima, muuguzi alikwisha mwonya. Akitangulia kabla ya mwaka mpya wa fedha, shamba ni la binti yake lote, kutoka barabarani mpaka kijitoni. Akichelewa, watakuja na kamba kukata moja ya tano, na kwa anavyowajua, watakata upande wa maji. Shamba bila maji ni kuni. "Nimelima maisha yangu yote," alisema. "Nikuponze wewe kwa kupumua miezi michache zaidi, ili upoteze kijito? Hesabu haikubali."

"Baba, wewe ni mkulima au ni karani wa kodi?"

"Wao ndio waliotufanya makarani."

 Bi Msumeno alikaa chini sakafuni palepale, kwenye vumbi la waya. Akauliza kitu kidogo kilichokuwa kinamkereketa. "Na kwa nini hukuzitupa? Ungezitupa kijitoni nisingejua."

Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nitupe dawa? Dawa nzima? Si Mama Kuku naye ana presha? Nilisema nikiondoka, utampelekea."

Mama Kuku alikuwa jirani yao, mjane mfugaji. Bi Msumeno alicheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka hasira tena, na hasira ndiyo aliyoijua njia yake. Alimshika baba yake mkono. "Kunywa moja sasa hivi. Mbele yangu. Fungua mdomo niangalie chini ya ulimi."

Mzee alifumba midomo. Alikuwa baba wa Bi Msumeno, na ukaidi haukuanzia kwa binti. Alipofumbua alisema hivi: "Niletee habari kwamba ile kodi imefutwa. Siku hiyo nitakunywa bila kusukumwa. Na usinitangaze. Ukinitangaza watasema Fundi amerukwa na akili."

Basi ikawa hivyo. Wengine walikuwa wanapigania mashamba. Bi Msumeno alikuwa anapigania kidonge kimoja kila asubuhi, na hakuweza kumwambia mtu.

Kamati ya bunge ilikuja kusikiliza maoni ya wananchi katika ukumbi wa ofisi ya wilaya. Mezani mbele walikaa wageni kutoka bungeni, na pembeni yao mheshimiwa, na chupa za maji, na kitambaa cha kijani. Wakulima walijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alifungua kwa sauti yake nyembamba, akasoma maombi yenye heshima nyingi, akakaa. Wakasimama wengine. Wageni walitikisa vichwa, wakaandika, wakatazama saa.

Mheshimiwa akaomba kusema neno. Alikuwa amejifunza, safari hii hakutaja msumeno. Alisema anaelewa uchungu wa wananchi wake, lakini watu wasitie chumvi. "Tusiongee kana kwamba tunauawa. Kodi ni kodi. Mnitajie mtu mmoja tu aliyewahi kufa kwa sababu ya kodi."

Bi Msumeno alikuwa amejiapiza kunyamaza. Alikuwa amekaa katikati, mkono mfukoni, na mfukoni kulikuwa na kifungo kimoja cha utepe alichokikuta mtini baadaye, ambacho hakukifungua. Hakujua kwa nini alikuja nacho. Aliposikia maneno yale alikuwa amekwisha simama.

"Sitataja jina," alisema. "Kuna mzee mmoja. Ni mgonjwa. Kila siku dawa yake haimezi, anaificha, ili afe kabla ya hiyo tarehe yenu, mwanawe asikatiwe shamba. Hakutumwa na mtu. Alikaa akapiga hesabu ya kodi yenu, akaona yeye mwenyewe ndiye gharama. Hiki hapa ndicho anachofungia."

Akakiweka mezani, juu ya kile kitambaa cha kijani.

Alidhani amemficha baba yake. Hakutaja jina, hakusema mzee ni wa wapi. Lakini watu wa safu ya mbele walinyoosha shingo, wakaona fundo. Dogo, limelala ubavu, ncha imerudishwa ndani. Kila mmoja wao alikuwa nalo nyumbani, mtini kwake. Mtu mmoja alivua kofia. "Fundi," alisema, si kwa sauti kubwa, na neno likapita nyuma safu kwa safu, "Fundi, ni Fundi," mpaka likawafika waliokuwa madirishani.

Wageni hawakuelewa. Waliona tu ukumbi umenyamaza, kisha wakaona ukumbi umesimama. Hakuna aliyerusha kitu. Watu walisogea mbele taratibu, mmoja baada ya mwingine, wakitaka kukiona kile kifungo kwa macho yao, na kila aliyekiona alimgeukia mheshimiwa na kumwuliza swali lile lile: "Umeona?" Wazee walimwuliza. Kina mama walimwuliza. Mwenyekiti, ambaye maisha yake yote alikuwa akifungua vikao tu, alipiga meza kwa ngumi chupa zikaanguka. "Umeona, bwana? Jibu! Umeona?" Mheshimiwa alitolewa kwa mlango wa nyuma, na gari lake lilikuta barabara imejaa watu waliokaa chini, kimya, hawaondoki.

Bi Msumeno hakuyaona hayo ya barabarani. Mama Kuku alikuwa amefika mlangoni mwa ukumbi anahema, manyoya ya kuku bado kwenye gauni lake. "Njoo, mwanangu. Baba yako ameanguka."

Alimkuta zahanati. Kiharusi kilikuwa kimempitia upande wa kulia. Muuguzi alimchoma sindano, akasema ana bahati, mwingine asingefika. Mdomo wa mzee ulikuwa umeenda upande, na mkono wa kulia, ule wa kisu, ule wa fundo, ulikuwa umelala juu ya shuka bila kushika chochote. Bi Msumeno aliunyanyua, akauachia, ukaanguka. Alitoka nje akaupiga ukuta wa zahanati mateke mpaka muuguzi akamwomba aache, maana ndani kuna wagonjwa.

Walimrudisha nyumbani na vidonge vipya. Mzee aliviona, akakaza meno. Maneno yalimtoka kwa taabu, lakini hili lilieleweka: "I...me...futwa?"

"Bado, baba."

Akageuza uso ukutani.

Ilikuwa hivyo asubuhi ya kwanza na zilizofuata. Alimbembeleza, alimtukana, alivisaga akavitia kwenye uji, mzee akautema uji. Mama Kuku alikuja akampigia magoti. "Fundi, tunywe wote, kimoja wewe kimoja mimi." Akatikisa kichwa. Makubaliano ni makubaliano.

Kisha ikaja siku ambayo kelele zilipanda kutoka sokoni mpaka juu mteremkoni. Vigelegele, filimbi, masufuria yakigongwa. Bi Msumeno alikuwa uani, redio kwenye mfuko wa aproni. Aliisikiliza mwenyewe, taarifa nzima, neno kwa neno. Serikali sikivu, baada ya kupokea maoni ya wananchi, imeamua kuahirisha kodi ya kurithi mashamba kwa mwaka mmoja wa fedha, ili kutoa nafasi ya elimu kwa umma.

Kuahirisha. Walioimba sokoni hawakulisikia neno hilo, au walilisikia wakalimeza. Yeye lilimkwama. Watu hawa hawakufuta kitu. Walichukua kifo cha baba yake wakakisogeza mbele mwaka mmoja, kisha wakataka kupigiwa makofi. Alijua kabisa mzee atafanya nini akilisikia neno lile. Atangoja. Mwakani, tarehe ikikaribia, atafumba midomo tena, na safari ile mkono wa kushoto utatafuta mti wa kufichia.

Alifungua redio, akatoa betri, akazitia mfukoni. Akaingia ndani.

Mzee alikuwa amesikia kelele. Alikuwa amejitahidi kuinua kichwa, macho yamemtoka, ile miwani nyekundu imekaa upande. "I...me..."

Bi Msumeno, ambaye hajapata kumficha mtu ukweli, hata pale ukweli ulipomfukuza mume, alimtazama baba yake usoni.

"Imefutwa, baba. Imefutwa kabisa."

Mzee alimtazama kwa muda. Kisha akafungua mdomo, wazi, kama mtoto mbele ya kijiko. Alimwekea kidonge, akamwinua, akampa maji. Alimeza. Akafungua mdomo tena, akanyanyua ulimi kuonyesha kwamba chini hakuna kitu.

"Re...dio," alisema. Alitaka kusikia mwenyewe.

"Betri zimekwisha."

Mzee alikunja uso, akatafuta maneno, akayapata. "Zi...anike."

Basi akatoka, akazipanga ukutani juani, betri mpya kabisa zilizonunuliwa juzi. Alikuwa bado anazigeuza mwenyekiti alipoingia uani anakimbia, shati limelowa jasho, filimbi shingoni.

"Dada! Tumewashinda! Wame..."

Bi Msumeno alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja. Mwenyekiti alitoa macho. Wote wawili walisikia mzee akikohoa ndani.

"Sema polepole," alimwambia, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwenyekiti alilazimika kuinama. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Bi Msumeno akinong'ona. "Neno hilo la redio halitatajwa katika nyumba hii. Si wewe, si mkeo, si mtoto. Umenisikia? Sasa niambie. Kikao kijacho ni lini?"

"Kikao cha nini tena, dada? Si mpaka mwakani?"

"Cha kesho," alinong'ona. "Nina mwaka mmoja tu wa kuufanya uongo wangu uwe kweli."